Mwaka Nilipopiga Picha ya Chumba Kizima

Mwezi uliopita tulimzika Mama Perpetua, Mugumu. Nilifika siku moja kabla ya maziko, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, ambako wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakimenya ndizi za kupikia waombolezaji. Nikapewa kisu, nikakaa. Aliyekuwa kulia kwangu hakuniangalia usoni; aliangalia mikono yangu, kisha akacheka kidogo. “Dada Ghati, bado hujui kumenya ndizi.” Alikuwa Bhoke. Nilimwacha akiwa msichana wa miaka kumi na minne mwenye mabega membamba. Sasa ni muuguzi, ana watoto wawili, na sauti yake imekuwa nzito kama ya mtu aliyezoea kuwaambia wagonjwa cha kufanya. Tulishikana mikono huku utomvu wa ndizi ukitunatisha vidole. Wanawake walikuwa wakisimulia habari za marehemu, jinsi alivyowalea watoto wa watu zaidi ya mia bila kumzaa hata mmoja, na mmoja wao akasema, “Yule mama sijamwona akikosea, isipokuwa ile habari ya picha ya mtandaoni.” Wengine wakaguna kukubali. Walipoinuka kwenda kuosha ndizi, Bhoke akasema bila kuacha kumenya, “Mpaka leo wanaamini ni yeye.”

“Najua.”

“Wakati ule alikuwepo wa kukukinga. Sasa je?”

Ninayoyaandika hapa ndiyo jibu langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha kompyuta nilichokitoa Musoma, nilipoajiriwa kuwa karani wa nyumba ya Mama Perpetua. Ilikuwa nyumba ya wasichana waliokimbia kukeketwa. Wengine walifika kwa miguu, wengine waliletwa na walimu wao, na mmoja alifika akiwa amekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, ameshika kiatu kimoja. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja na stoo ya maharage. Upande mmoja meza na kompyuta, upande mwingine magunia mpaka karibu na dari, na vumbi la maharage lilikuwa likiingia kwenye vibonye vya kompyuta hadi herufi ya “m” ikagoma kabisa. Ukuta uliotenganisha ofisi na bweni ulikuwa wa mbao nyembamba. Wasichana wakirudi shule jioni nilisikia kila kitu. Nilipokuja nilidhani nitasikia habari za visu na hofu. Nilichosikia zaidi ni habari za maziwa. “Kwetu maziwa yanagandishwa kwenye kibuyu, si kwenye ndoo kama haya.” “Nyamaza, unanitamanisha.” “Mama yangu saa hizi anakamua yule ng'ombe mwekundu anayepiga teke.” Halafu mmoja anaanza kuimba pambio ili mwenzake asisikike akilia. Nilijifunza kwenye ule ukuta kwamba mtoto anaweza kukimbia nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akajua kabisa anakimbia nini, na bado akapakumbuka kila jioni.

Mama Perpetua ndiye aliyekuwa mlezi mkuu. Alikuwa wa kabila la Wanata, mwanamke mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kamba ya viatu ili isianguke anapoinama kwenye sufuria. Hakuwa na ofisi. Kazi zake zote alizifanya jikoni, kwenye benchi lililo karibu na mafiga, na barua za serikali zilirudi zikiwa na harufu ya moshi. Mchana tulikula ugali wa mtama na muhogo na dagaa, mimi na yeye na mpishi, sahani moja. Pale ndipo aliponieleza habari ya tovuti. Marafiki wa nyumba walioko nje ya nchi walikuwa wameandika: wangependa watu waone mahali pale palivyo, si kwa maelezo tu. Na huko vijijini, Tarime, walikuwa wakisema maneno. Kwamba wasichana wanalala chini, kwamba wanalimishwa mashamba ya watu, kwamba wanauzwa Kenya. “Ukimwonyesha mtu picha ya kitanda kimoja,” alisema, “anasema umekiazima. Nataka waone chumba kizima. Unaweza?” Nikasema naweza. Sikuweza. Nilikwenda kujifunza kwa Fundi Idrisa.

Fundi Idrisa alikuwa na duka la kutengeneza redio, simu na kompyuta karibu na soko la Mugumu. Baba yake alikuja kutoka Tanga na cherehani akashona kanzu na magauni pale hadi alipofariki, na Idrisa alizaliwa hapo hapo, lakini nyumbani kwake bado walipika wali kwa nazi, nazi ikinunuliwa kwa safari ndefu. Yeye ndiye aliyeijenga tovuti yetu, bila kudai chochote zaidi ya dua. Alinipa simu yake yenye kamera nzuri na kigoda alichokipigilia bomba la chuma katikati, juu ya bomba kishikio cha simu. Unakiweka katikati ya chumba. Kwenye kioo kinatokea kitone cha rangi ya chungwa, unakifuata kwa kamera, inapiga yenyewe, kitone kinahamia pengine, unazunguka nacho pole pole mpaka umepiga kuta zote, sakafu na dari. Kisha programu inaziunga zote. Picha yangu ya kwanza, ya ua wa nyuma, ilitoa kuku mwenye vichwa viwili na mpishi asiye na miguu. Wasichana walicheka mpaka mpishi mwenyewe akaja kuangalia, akakasirika kweli, akanihamishia kwenye sahani yenye dagaa wachache kwa siku mbili.

Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Picha ikishaungwa inakuwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ikauke: ndefu, imepinda juu na chini, kitanda kilichonyooka kimekuwa upinde. Ukiiweka hivyo kwenye tovuti hakuna atakayeelewa anaona nini. Kinachoifanya iwe chumba ni plagini, yaani kijiprogramu unachokipachika ndani ya tovuti ili kiifundishe kazi ambayo yenyewe haijui. Idrisa aliichagua, akaisimika, kisha akanisukumia kiti. Nikapakia picha. Plagini ikanipa mstari mfupi wa maandishi ndani ya mabano ya mraba, nikaunakili, nikaubandika kwenye ukurasa, nikahifadhi. Nilipofungua ule ukurasa, jikoni kwetu palikuwa pamesimama mbele yangu. Nikaburuta kwa kidole: mafiga, benchi la Mama Perpetua, sinia za bati, dirisha. Nikaburuta tena nikarudi kwenye mafiga. Nilipiga ukelele. Idrisa akacheka, akamimina kahawa ya tangawizi. “Sasa binti, nikuambie kitu. Picha ya kawaida unachagua uonyeshe nini. Hii inabeba kila kitu, mpaka ulichokipa mgongo. Ukishaipiga, izunguke mwenyewe mara tatu kabla hujaipandisha. Tazama hata dari.” Nikaitikia. Mama Perpetua naye alikuwa ameweka masharti mawili tu: hakuna sura ya mtoto, hakuna jina la mtoto. Kwa hiyo nilipiga bweni wakiwa shule.

Niliunganisha vyumba vyote kwa vishale. Ukibofya kishale unatoka jikoni unaingia bwalo, ukibofya kingine unaingia bweni. Nilipandisha alfajiri, mtandao ukiwa na nguvu kidogo, nimejifunga shuka kwa baridi, maharage yakininukia puani. Bweni ndilo lililokuwa la mwisho. Nililizunguka mara moja, nikaona vitanda vimetandikwa vizuri, nikalizunguka mara ya pili haraka haraka. Kengele ya uji ikalia. Uji wa ulezi ukipoa unakuwa kama udongo, kwa hiyo sikuzunguka mara ya tatu. Nilibonyeza, nikaenda kunywa uji.

Kwa wiki kadhaa nilitembea kama mtu mkubwa. Barua zikaja kutoka nje za watu waliosema wamejisikia kama wamefika kwetu. Mama Perpetua aliwaita wasichana ofisini watano watano wakaone, na kila mmoja alitafuta kitanda chake. Bhoke alikuwa amekaa na sisi miezi michache tu. Alitoka Gorong'a, huko Tarime. Baba yake alikuwa amefariki, na mambo ya ukoo yalishikwa na baba yake mdogo, aliyefanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani Sirari. Bhoke alikuwa ametoroka kwa akili sana: alipita kwa shangazi yake Isebania, ng'ambo ya mpaka, akavaa nguo za binamu yake, akarudi Tanzania kwa njia nyingine. Ukoo mzima uliamini yuko Kenya. Siku ile ofisini alitazama kitanda chake akakaa kimya, nikadhani amefurahi. Baadaye aliniambia kwamba aliiona ndoo yake pale, akataka kusema, akaona aibu kumkosoa mkubwa.

Ndoo. Kila msichana alikuwa na ndoo yake ya kuogea, na ili zisichanganywe waliandika majina kwa rangi iliyobaki ya madirisha. Ndoo nyingi zilikuwa uani. Ya Bhoke ilikuwa imekatika mshikio akaisukuma chini ya kitanda, pembeni kabisa, upande niliokuwa nimeupa mgongo. Ukiikuza picha, herufi zilikuwa wazi kama za kibao cha duka: jina lake, jina la baba yake, Gorong'a.

Walikuja mchana, watu watatu, pikipiki mbili. Nilikuwa bwaloni nikipanga vikombe, nikasikia sauti ya mwanaume getini ikisema taratibu, bila kufoka, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilisogea dirishani. Baba mdogo wa Bhoke alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alimpa Mama Perpetua shikamoo, kwa kuwa mama alikuwa mkubwa kwake, akaitikiwa marahaba. Kisha akatoa simu.

“Mama, mimi sitaki stori mingi. Nimeletewa hii hapo Sirari. Soma hii ndoo.”

Mama Perpetua akaweka miwani sawa. Alisoma kwa muda mrefu kuliko herufi zenyewe zilivyokuwa. Nilimwona mgongo wake ukishuka kidogo, kisha ukanyooka.

“Nimesoma,” akasema.

“Ni mtoto wetu.”

“Mtoto akiingia hapa, ustawi wa jamii wanajua, na polisi wa dawati la jinsia wanajua. Ukimtaka nenda kwao. Mimi sina ruhusa ya kumtoa, hata ungekuwa baba yake mzazi.”

“Mama yake anamlilia. Hujui mnamfanyia nini mama yake.”

“Basi mama yake aseme mwenyewe. Nitamsikiliza.”

Akatikisa kichwa, akarudisha simu mfukoni nyuma ya zile kalamu. “Atasema,” akajibu. “Desemba haijafika.” Huko kwao Desemba, shule zikifungwa, ndio msimu wa kukeketa. Wakaondoka taratibu kama walivyokuja. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha bati kwa nguvu hadi kikaniachia alama kiganjani.

Kwa muda hatukumwacha Bhoke alale pale. Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo, mke wa Idrisa, Bi Saumu, alikuja na kapu la maandazi kama mtu aliyekuja kusalimia, akaingia bweni, akatoka na msichana aliyevaa baibui na ushungi wa binti yake. Walipita sokoni wameshikana mikono, wakanunua hadi nyanya. Bhoke alikaa kwao majuma kadhaa, akilala chumba cha cherehani, akila wali wa nazi ambao mwanzoni ulimpa kichefuchefu na baadaye akawa anauomba. Mimi nilikimbilia ofisini. Nilizima plagini, nikafungua ukurasa, na pale lilipokuwa bweni letu palikuwa pamebaki ule mstari mfupi ndani ya mabano ya mraba, maneno matupu. Nikashusha pumzi. Idrisa alipokuja, hakunikaripia. Aliketi, akaandika anwani ya picha yenyewe, na bweni likatokea, lile lile, na ndoo yake. “Ulichozima ni kinachoikunja,” akasema. “Picha bado imelala humo. Ifute.” Niliifuta, kisha tukaanza kuitafuta kila mahali pengine ilipokuwa imenakiliwa. Hatukuweza kuifuta kwenye simu ya yule baba.

Kamati ya nyumba ilikutana Jumamosi. Walikaa bwaloni, watu saba, soda mbele yao hazijafunguliwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliuliza swali moja: nani aliikagua picha kabla haijawekwa? Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi na daftari la kumbukumbu za kikao. Nilijua jibu. Nilifungua mdomo, na nasema kweli mbele ya Mungu kwamba nilikuwa nataka kusema, lakini maneno yalichelewa kwa muda mfupi tu, kama wa kumeza mate, na Mama Perpetua akatangulia. “Nilipitia mimi. Nikaruhusu. Macho yangu si mazuri, mnajua.” Wakamsema. Watu aliowazidi kila kitu walimsema kwa nusu saa, kuhusu umri wake, kuhusu miwani yake, kuhusu kuwapisha wenye damu changa. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa karani, niliandika. Daftari lile bila shaka lipo mpaka leo, na mwandiko ni wangu.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua mlenda, mpishi ametoka. Nikamwuliza kwa nini. Hakuinua uso. “Wangekufukuza leo leo. Halafu nani angeitengeneza?”

“Atengeneze nini, mama? Tumeshaifuta.”

“Mwanangu, yule bwana amekwenda kumwambia yule mama kwamba amemwona mtoto wake mahali pabaya. Na ameona ndoo, kitanda hakukijali. Desemba, shule zikifungwa, ustawi wa jamii watamsikiliza mzazi. Akisema mtoto arudi, atarudi. Nataka mama yake naye aone.” Akanisogezea sinia la mlenda ili nisaidie. “Na uache kulia kwenye mboga.” Nimefanya kazi chini ya watu wengi tangu wakati huo, wenye elimu na vyeo. Sijampata mwingine aliyenipa adhabu ya namna ile, ya kuniamini papo hapo, siku ile ile, kwa kazi ile ile.

Safari hii nilimwuliza mwenye chumba. Nilikwenda kwa Bi Saumu nikamkuta Bhoke anajifunza kupinda mapindo, pini mdomoni. Nilimwomba radhi kwanza. Alitoa pini moja baada ya nyingine akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akasema, “Mama Perpetua amesema ni yeye.” Nikamwambia si yeye. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba alikwisha kujua. Kisha tukapanga. Alitaka chumba kile kile cha bweni, kitanda kile kile, ila vitanda vya wengine vifunikwe mashuka yanayofanana na ndoo zote zitoke. Alitaka jikoni, na kwamba gunia la mtama liwe wazi ili mtama uonekane. Alitaka choo. “Lazima choo. Mama atauliza.” Nikamwuliza kama anataka kusimama ndani ya picha, angalau mara hii moja, kwa kuwa ni ya mama yake tu.

“Hapana. Akiniona atalia, hataona kitu kingine.”

Asubuhi moja, wenzake wakiwa shule, alipitishwa uani akatandika kitanda mwenyewe, akatoka, nikapiga. Niliizunguka picha ile mara tatu, kisha Idrisa akaizunguka, kisha Mama Perpetua akaivutia kwenye pua yake na kuizunguka, dari na sakafu, akinung'unika kama anayesali. Tuliipachika kwenye ukurasa uliofungwa kwa neno la siri, ukurasa ambao baadaye ulikuja kutumiwa na mama wengi kuliko tulivyotarajia. Lakini Gorong'a mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo Idrisa aliiweka pia ndani ya simu yenyewe, na akanionyesha jambo ambalo sikulijua: ukiishika simu na kugeuka mwili, chumba nacho kinageuka.

Mwalimu mmoja wa kike wa huko alitupatia siku: siku ya kliniki ya watoto, ambapo wanawake pekee hukaa foleni kutwa na hakuna mwanaume anayewauliza. Nilipanda basi la asubuhi la Tarime, nikapita Kemambo, nikashuka njiani nikamalizia kwa pikipiki, simu ya Idrisa nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya blauzi. Ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulinatana. Nje ya zahanati wanawake walikaa ukutani upande wa jua. Mwalimu alinionyesha mmoja kwa macho tu. Mama Bhoke alikuwa mdogo wa umbo, amembeba mjukuu mgongoni, miguu imejaa tope jekundu hadi kwenye vifundo. Nilipiga goti kidogo nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniangalia kuanzia viatu.

“Wewe ndiye wa Mugumu.”

“Ndiyo mama.”

“Shemeji yangu anasema mnamlaza chini. Anasema ameona.”

“Nimekuja uone wewe.”

Tulijitenga hatua chache, karibu na tangi la maji. Nilimwekea simu mikononi, nikaishika naye, mikono yake ikiwa baridi na migumu. Chumba kikatokea. Alishtuka, akaniangalia, akarudi kuangalia. “Mtoto yuko wapi?” Nikamwambia yuko salama, hayumo ndani ya picha, amekataa mwenyewe. Nikamwambia alichosema Bhoke. Mama Bhoke akafunga macho, akayafungua. “Amesema kweli,” akasema. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kugeuka. Akageuka hatua moja, na dirisha la bweni likaja mbele yake. Akageuka tena, vitanda. Alizunguka pale kwenye tope polepole, mtoto mgongoni akizunguka naye, na wanawake wa foleni wakaanza kucheka chini chini, naye hakuwasikia. Aliuliza kitanda kipi. Aliuliza wanalala wangapi kila kitanda. Mmoja mmoja, nikasema. Akauliza nani anapika, nikambofyia kishale tukaingia jikoni, akautazama mtama ndani ya gunia kwa makini, kama yuko sokoni. Akauliza choo. Nikamwonyesha choo. Akasema turudi alikolala mtoto.

Tukarudi. Akazunguka mara ya pili, akapita vitanda, akapita dirisha, akaendelea mpaka akasimama ananipa mgongo. Alikuwa amekipata alichokuwa akikitafuta.

“Huu mlango unafungwa upande gani?”

Katika kazi yote ile, picha zote nilizopiga na kuzizunguka, sikuwa nimewahi kuutazama ule mlango. Niliukuza kwa vidole viwili. Kulikuwa na komeo la chuma, jeusi, limepakwa mafuta.

“Kwa ndani, mama. Wanafunga wenyewe.”

Alilitazama lile komeo. Mjukuu akaanza kulalamika, akamtikisa bila kuondoa macho kwenye kioo.

“Sisi walitufungia kwa nje,” akasema. Upepo wa mvua ukapita, wanawake ukutani wakajifunika khanga. “Mwambie asirudi mpaka nimwite mimi. Shemeji akimwita, asije. Mwalimu akimwita, asije. Mpaka asikie mdomo wangu.”

Na hivyo ndivyo alivyosema pia mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii wiki mbili baadaye, akiwa amesimama, shemeji yake na kalamu zake mbili akiwa amekaa. Desemba ile Bhoke aliimaliza akiwa Mugumu, na nyingine zilizofuata, hadi akaenda chuo cha uuguzi. Mama yake alimwita mwaka wa tatu, mwenyewe, kwa mdomo wake. Ukurasa ule uliofungwa ulitazamwa na mama wa Kemambo, wa Sirari, wa vijiji ambavyo sijavifikia, wakishikiwa simu na walimu na wauguzi, na kila mara Mama Perpetua alikuwa wa mwisho kuizunguka picha kabla ya kupandishwa, miwani yake imefungwa kamba. Hakuwahi kuniambia nimwambie mtu yeyote ukweli, wala nisimwambie. Nimeusema sasa. Macho yake hayakuwa na kosa lolote.

Lakini siku ile kwenye zahanati, muuguzi alikuwa ameanza kuita majina. Mama Bhoke akanirudishia simu, akapiga hatua mbili, akarudi akaiomba tena. Akageuka mpaka akakipata kitanda. Bhoke alikuwa amekitandika kwa haraka, na kona moja ya blanketi ilining'inia. Mama yake akalamba kidole, akakifuta kwenye khanga, akakiweka juu ya ile kona na kuivuta taratibu kuinyoosha. Picha ikateleza, kitanda kikamkimbia pembeni, ukawa ukuta mtupu. Akakirudisha. Akavuta tena, polepole zaidi, na mimi nikaishika simu kwa mikono miwili isitikisike.